Nikiwatoa nje kwa hesabu wanatawanyika tu, nifanyeje?

SWALI: Habari mwalimu, nafundisha darasa la tano, watoto 48. Nikiwatoa nje wachache wanapima, waliobaki wanakimbizana. Nataka waelewe mzingo na eneo na pia wazoee kushirikiana, nianzie wapi?

JIBU: Nzuri mwalimu. Hapo tatizo sio uwanja, tatizo ni kwamba kazi uliyowapa mtu mmoja anaimaliza peke yake, sasa wale wengine wafanye nini kama sio kukimbizana? Wape kazi ambayo bila mikono mingi haiendi.

Mi natumia kamba. Chukua mita 12 na kipande kidogo cha kufungia, unganisha ncha, weka alama kila mita. Alama 12, watoto 12, kila mmoja na alama yake na namba yake. Waambie watengeneze mstatili wa 5 kwa 1, afu usiwaonyeshe kona ziko wapi, waache wabishane mpaka wagundue kona ni namba 1, 6, 7 na 12. Ukija 4 kwa 2 kona zinahama, zinakuwa 1, 5, 7 na 11, kwa hiyo hata yule mkimya anajikuta wenzake wanamwita maana bila yeye kona haipo.

Kila umbo likikamilika wale 36 waingie ndani bila kusukumana wala kukanyaga kamba, hesabuni wameenea wangapi. Kwenye 5 kwa 1 wengi wanabaki nje, 4 kwa 2 wanaongezeka, 3 kwa 3 zaidi. Kamba ni ile ile ya mita 12 ila eneo linatoka 5 linaenda 8 linaenda 9, na hapo ndo utasikia "mwalimu mbona hatujaongeza kamba?" Subiri mtu aulize kuhusu duara, usimtangulie, duara linafika kama mita za mraba 11.5.

Angalia kitu kimoja, mstatili ukiinama upande, kona zikaacha kuwa mraba, eneo linapungua hata kama pande hazijabadilika, so wapime kona kwa kona, ile mistari miwili ya kukatiza lazima ilingane. Na kamba isiwe ya nailoni, inavutika, mi ilishanitia aibu, mita 12 zikawa 12 na ushee mbele ya darasa zima.

Madaftari yabaki ndani, wataandika wakirudi.