Mafuta yakishuka, mbona nauli ya ndege ya Mwanza–Dar haishuki?

Kaka, umeuliza mbona mafuta yakipanda nauli inaruka siku hiyo hiyo, yakishuka inakaa palepale. Sababu moja ni kwamba mashirika mengine ya ndege hununua mafuta mapema kwa bei ya kufungiwa, yaani isiyobadilika hata soko likibadilika. Bei ya dunia ikianguka, wao bado wanachoma yale ya ghali. Nyingine ni ushindani tu: njia ikiwa na mashirika mawili matatu, nani ana haraka ya kushusha?

Mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa, yanalipiwa kwa dola, na mara nyingi hula robo hadi theluthi ya gharama za shirika. Mwaka 2008 pipa la mafuta ghafi lilipofika dola 147, yapo mashirika yaliyokufa kabisa.

Sasa njoo kwetu. Mafuta ya kujazwa Mwanza yameshasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kutoka bandarini. Ndiyo maana rubani anaweza kujaza Dar ya kwenda na kurudi, ingawa uzito huo nao unakula mafuta. Safari fupi kama yetu inaumia zaidi kwa kila kilomita, maana kuruka na kupanda juu ndiko kunakomeza mafuta mengi.

Mimi nauza minofu ya sangara, na husafiri kwa ndege. Nauli ya mzigo ikiongezwa senti kadhaa kwa kilo, mnunuzi wa Ulaya haongezi kitu, bei inakatwa kwa mvuvi pale mwaloni, anakoshushia samaki.