Ukifika Pangani, usikimbilie pantoni

Safari yangu ya kwanza Pangani, mji wenyewe niliupa saa moja tu. Nilishuka kwenye basi la kutoka Tanga, nikakimbilia pantoni, nikavuka mto hadi Bweni, ng'ambo, na kushika njia ya Ushongo, kwenye fukwe. Mpaka leo naijutia saa ile. Nawasihi wanaopanga kwenda: laleni mjini walau siku mbili ndipo mvuke.

Anzeni na majengo ya zamani, na mtafuteni mwenyeji mtu mzima awatembeze. Mimi nilirudi nikampata babu mmoja. Baada ya shikamoo na marahaba hakunipeleka mbali, alinisimamisha mbele ya mlango wa nakshi, akanishika mkono na kuupitisha kwenye fremu. Maua ya juu bado yana makali kidoleni, lakini chini, usawa wa magoti, mbao imelika na chumvi hadi imekuwa laini kama sabuni. Milango hiyo inakwisha huku tunaipita.

Kisha mwambieni awasimulie habari za Bushiri bin Salim. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilipandisha bendera yake Pangani, na mwakilishi wake, Emil von Zelewski, akawadharau watu wazi wazi, hata msikiti haukuheshimiwa. Pwani ikawaka. Bushiri, aliyekuwa na shamba la miwa jirani na mji, akaongoza vita, mpaka alipokamatwa na kunyongwa hapo hapo Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye ndiye yule aliyeuawa na Wahehe kule Lugalo, Iringa, mwaka 1891. Shuleni nilizisoma kama habari mbili zisizohusiana. Nilipounganishiwa na yule babu, tukiwa tumesimama kando ya mto, nilinyamaza kwa muda mrefu.

Jioni kodini mashua mpande na mto. Maji yale yametoka Kilimanjaro na Meru, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale, na huku chini yanakwenda taratibu kati ya mikoko na minazi. Pataneni bei kabla ya kupanda, na msichovye mikono majini, kwani mto una mamba.

Kisiwa cha Maziwe kinataka hesabu ya maji. Zamani kilikuwa na miti, sasa ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Kasa hutaga hapo, na mayai huhamishiwa Ushongo yasizame. Mimi nilikwenda bila kuuliza, nikakuta bahari tupu, na nauli ya boti ikawa imekwenda. Kwa hiyo ulizeni wavuvi jana yake maji yatatoka saa ngapi, wala msimwachie aliyewauzia safari awapangie saa.