Meno ya Kahawia, Heroe wa Natron na Hesabu za Tembo: Maswali Yenu na Majibu

Barua nyingi za safari hii zimetoka ukanda mmoja: kuanzia Nakuru, kushuka Ziwa Natron na volkano ya Oldoinyo Lengai, hadi miteremko ya Mlima Meru na mbuga za Serengeti. Mwamba wa volkano za Bonde la Ufa ndio unaotia doa meno ya mtoto, unaonenepesha majani ya nyumbu na unaogeuza ziwa kuwa magadi. Tumeanza na maswali ya maji, kwa sababu kuna watu wanaoyateka na kuyanywa leo hii.

Habari za kazi, wataalamu. Mwanangu ana miaka saba. Meno mapya ya mbele yameota yakiwa na madoa ya kahawia. Maji nayachemsha kila siku bila kukosa. Nakosea wapi? – Mama wa watoto wawili, Usa River

Pole, mama. Kuchemsha hujakosea, maana kunaua vijidudu vya kuhara. Ila kinachotia doa meno ni floraidi, na floraidi ni chumvi iliyoyeyuka majini. Moto hauigusi. Mvuke unapotoka, maji yanapungua na floraidi inabaki yote sufuriani: lita 5 zenye miligramu 4 kwa lita zikichemka hadi zikabaki lita 4, sasa zina miligramu 5 kwa lita. Kwa hiyo chemsha kwa kufunika, na yakishatokota epua.

Doa la mtoto wako mkubwa liliingia jino lilipokuwa bado linaundwa ndani ya ufizi, miaka kadhaa kabla halijaota. Halitoki kwa mswaki, mkaa wala ndimu, na ndimu inakula jino zaidi. Wa kumwahi sasa ni mdogo wake. Hatari kwa meno ni kuanzia kuzaliwa hadi kama miaka 8, na meno ya mbele huamuliwa zaidi katika miaka mitatu au minne ya mwanzo. Kama bado ananyonya, mwache anyonye, kwa sababu maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji mabaya. Akianza uji, maji ya uji yawe salama kama ya kunywa. Makande yaliyolainishwa kwa magadi msimpe, kwani magadi ya huku kwetu yenyewe yana floraidi. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka mitatu, na punje ya mbaazi kuanzia mitatu, na ateme.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4 kwa sababu ya uhaba wa maji, kisha ikashusha hadi 1.5. Kisima kilichosifiwa zamani kuwa "kimepita" kinaweza leo kuwa kimefeli.

Njia ya karibu zaidi kwako ni mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 4 kwa 5, mvua ya milimita 100, ni lita 2,000. Toa moja ya tano inayomwagika, unabaki na 1,600. Watu wanne wakitumia lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia tu, hayo ni maji ya siku 80. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaache yaoshe bati kwanza, usiyakinge. Kufulia na kuoga endelea na maji ya bomba.

Fundi anasema tukichimba kisima kirefu zaidi floraidi itapungua. Ni kweli? – Msomaji, Arusha

Msimlipe kwa ahadi hiyo. Maji ya chini kabisa mara nyingi ndiyo yaliyokaa na mwamba muda mrefu zaidi, na kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyozidi kuyeyusha floraidi. Tena kwenye miamba ya Meru maji hujaa sodiamu na bikaboneti, kalisiamu inaganda na kuondoka. Kalisiamu ndiyo ambayo ingeikamata floraidi na kuituliza. Ikikosekana, floraidi inabaki majini bila kizuizi. Dalili moja ya kijijini: maji yanayotoa povu la sabuni upesi na hayaachi ukoko mweupe kwenye sufuria yatiliwe shaka kwanza. Lakini dalili haitoshi kuamulia. Pimeni visima vya jirani vya kina tofauti kabla ya kukodi mtambo.

Kamati yetu ya maji ina chujio la mkaa wa mifupa. Miezi miwili ya kwanza maji yalinuka, watu wakagoma. Sasa hayanuki, lakini hatujui kama bado linafanya kazi. – Mwenyekiti wa kamati, Ngarenanyuki

Mwenyekiti, harufu na nguvu ya mkaa ni mambo mawili, tuyatenganishe.

Harufu inatokana na uchomaji. Mifupa ya ng'ombe ichemshwe na kukwanguliwa mafuta, kisha ichomwe kwenye tanuri lisiloingiza hewa nyingi, joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi. Ukivunja kipande, tazama ndani. Kikiwa cha kahawia, au cheusi kinachong'aa kwa mafuta, hakijaiva, na ndicho kinachonukisha maji na kuyapa rangi. Kikiwa cheupe kama chokaa, kimepitiliza: hakinuki, lakini uwezo wa kukamata floraidi umeungua. Kinachotakiwa ni cheusi cha kijivu, kikavu, kinachovunjika kwa mlio mkavu. Hapo ndipo uchomaji mwingi wa vijijini unapoharibika, kwa sababu katikati ya tanuri kunaungua kupita kiasi na pembeni hakuivi. Chambueni kwa macho kabla ya kuponda. Halafu pondeni, chekecheni mbaki na punje za nusu milimita hadi milimita 3, na osheni mpaka maji ya kuoshea yawe meupe. Vumbi likiachwa linaziba chujio.

Kuhusu nguvu, mkaa hujaa kama gunia, na ukijaa hautoi ishara yoyote. Maji yanatoka safi, matamu, na floraidi yake yote. Fanyeni hesabu. Tuseme maji yenu yana miligramu 8 kwa lita na mnataka yatoke na 1: kila lita inaacha miligramu 7 kwenye mkaa. Familia inachuja lita 20 kwa siku, ni miligramu 140. Mkaa wa wastani tuukadirie miligramu 2 kwa kila gramu, hivyo kilo 8 zinabeba miligramu 16,000. Gawanya kwa 140: siku 114, hazifiki miezi minne. Andikeni tarehe ya kujaza kwa rangi ya mafuta kwenye ndoo yenyewe, na pimeni floraidi kila mwezi kuanzia mwezi wa pili tangu kujaza, kwa sababu hesabu ni makadirio na mkaa hutofautiana tanuri kwa tanuri.

Mambo mawili ya mwisho. Maji yakae na mkaa walau nusu saa. Mkifungua bomba hadi mwisho ili foleni iishe upesi, floraidi inapita. Na klorini iwekwe baada ya chujio, kamwe isiwe kabla, kwa kuwa mkaa huila klorini yote na vijidudu vinabaki na makazi mazuri ndani ya punje.

Tulipeleka maji ya kisima kimoja maabara mara mbili, tukapata miligramu 3.1 kisha 6.8. Maabara inatudanganya? – Katibu wa kikundi cha wanawake, Meru

Huenda hakuna aliyewadanganya. Anzeni na jinsi mlivyochota. Maji yaliyolala kwenye bomba si maji ya kisima, kwa hiyo pigeni pampu dakika 5 hadi 10 kwanza. Chupa ya floraidi iwe ya plastiki, isiwe ya kioo, kwani floraidi hushambulia kioo na kipimo kinashuka. Isuuzeni mara tatu kwa maji yaleyale, jazeni nusu lita, andikeni jina la kisima, tarehe, saa na kama mvua imenyesha wiki hiyo. Kisima kifupi baada ya masika kinaweza kusoma chini kwa sababu ya maji mapya yaliyochanganyika.

Msichanganye na sampuli ya vijidudu, ambayo ni kinyume kabisa: chupa iliyotakaswa, *haisuuzwi*, mdomo wa bomba uchomwe moto kwanza, chupa iwekwe kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 6 na isizidi 24. Mtu akibeba chupa moja kwa vipimo vyote viwili, kimojawapo kimeharibika tayari.

Upande wa maabara, ulizeni kama walipima kwa elektrodi, kijiti cha umeme kinachosoma floraidi, na kama waliongeza kimiminika cha kusawazisha. Bila hicho, aluminiamu iliyomo majini hukumbatia floraidi na elektrodi haiioni. Na kuna mtihani wa haki mnaoweza kuufanya bila kumkosea mtu heshima: jazeni chupa mbili kutoka pampu ileile dakika ileile, mzipe majina tofauti, na ya tatu jazeni maji ya mvua. Mbili za kwanza zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, au ya mvua ikasoma floraidi nyingi, ombeni kipimo kirudiwe.

Nilipokuwa mdogo Ziwa Nakuru lilikuwa la waridi tupu. Heroe wamekufa? – Msomaji, Nakuru

Wengi wamehama. Kuanzia mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya yalipanda sana. Nakuru ilipopata maji mengi matamu, chumvi ilipungua, na pamoja nayo kile kimwani cha kijani-buluu, spirulina, ambacho heroe mdogo hukichuja kwa mdomo uliopinduliwa. Ndege mmoja anahitaji kama gramu 70 kwa siku, uzito mkavu. Supu ikiwa nyepesi hawezi kushiba hata achuje mchana kutwa, basi huruka usiku kwenda Bogoria, Elmenteita, Magadi, Natron au Manyara. Ndege wanaokula samaki, kama mwari, wao wamefurahia.

Kwa hiyo hesabu ya ziwa moja haitoi jibu. Maziwa yahesabiwe siku moja au siku zinazokaribiana, la sivyo kundi moja linahesabiwa mara mbili au linakosekana kabisa. Mhesabuji huhesabu ndege 10, kisha 100, akazoesha jicho ukubwa wa "mia" hiyo na kuipachika kundini. Kwenye makundi makubwa jicho la mtu hupunguza, hivyo picha zipigwe za kulinganishia.

Wasiwasi wetu mkubwa uko Natron. Karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa hapo, na Afrika Mashariki hakuna pengine wanapozalia kwa uhakika. Hujenga vichuguu vya tope katikati ya ziwa, yai moja kila kimoja. Maji ya magadi yanayochoma ndiyo ukuta wao. Yakipanda, viota vinazama. Yakikauka, fisi na mbweha wanatembea mpaka kwenye viota. Mwaka 1962 Natron ilifurika, ndege wakazalia Magadi, na magadi yakaganda kwenye miguu ya vifaranga kama pingu. Watu waliwaokoa maelfu kwa kugonga pingu hizo taratibu kwa nyundo ndogo, kifaranga mmoja mmoja. Ndiyo maana bwawa au mfereji wowote kwenye Ewaso Ng'iro ya Kusini, mto unaolisha ziwa hilo kutoka Kenya, haupaswi kujengwa kabla ya kupimwa athari zake kwa kina cha maji Natron.

Wageni huniuliza kwa nini mbuga za kusini mwa Serengeti hazina miti. Ni moto? – Muongoza watalii, Karatu

Moto una mchango kwingineko, lakini hapo ni majivu. Kerimasi na Lengai zilimwaga majivu ya volkano yaliyopeperushwa na upepo kuelekea magharibi. Mvua iliyeyusha kalisiamu yake, ikaganda chini kidogo ya udongo kuwa tabaka gumu kama sakafu ya saruji. Mizizi ya mti haipenyi, ya nyasi inatosha. Waonyeshe kwenye ukingo wa korongo lolote: mstari mweupe chini ya udongo mweusi. Nyasi hizo fupi zina kalisiamu na fosforasi nyingi, ndivyo anavyovihitaji nyumbu anayenyonyesha, na ndipo wanapozalia kati ya Januari na Machi.

Je, lava ya Lengai ni nyeupe kweli? – Mwanafunzi wa sekondari, Monduli

Inatoka nyeusi, na ya baridi kuliko lava yoyote nyingine: nyuzi 500 hadi 600 hivi. Ni kaboneti ya sodiamu, karibu ndugu wa magadi, basi ikikutana na unyevu inageuka nyeupe kwa siku chache. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo.

Ripoti zinasema tembo elfu kadhaa, "jumlisha au toa" elfu nyingine. Mtu anahesabuje kutoka kwenye ndege, na tuamini? – Mwanafunzi wa chuo, Morogoro

Ndege ndogo huruka mistari iliyonyooka, kimo cha futi 350 hivi juu ya ardhi. Kwenye nguzo ya bawa hufungwa fimbo mbili. Mtazamaji huhesabu wanyama wanaoonekana kati ya fimbo hizo tu, ukanda wa mita 150 kila upande. Mistari ikiwa kilomita 5 mbali, unaona mita 300 katika kila 5,000, yaani asilimia 6. Ukiona tembo 120, makadirio ni 120 gawanya kwa 0.06: tembo 2,000. Ile "jumlisha au toa" inatokana na mistari kutofanana. Tembo hukaa kwa makundi, mstari mmoja una 40 na unaofuata hauna hata mmoja.

Kinachoharibu zaidi ni kimo. Rubani akipanda kwa asilimia 10, ukanda wa mita 300 unakuwa 330, na kama hukurekebisha, tembo wako wameongezeka kwenye karatasi tu. Kundi la zaidi ya kumi lipigwe picha. Digidigi na simba msiwahesabu hivi kabisa.

Na soma safu ya mizoga, ambayo wengi huiruka. Mizoga ikizidi kama asilimia 8 ya tembo wote walioonekana, hai na wafu, idadi huenda inashuka hata kama namba ya walio hai bado inapendeza. Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo 109,000 hivi mwaka 2009 na 43,000 hivi mwaka 2014. Pengo la ukubwa huo haliwezi kuwa kosa la fimbo wala la kimo.