Thiago Silva na "ligi ya wakulima": jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada ameuliza: Thiago Silva, beki wa Brazil, anastahili kuwekwa meza moja na kina Nesta, yule beki wa Italia, au ni beki aliyejaza makombe kwenye ligi ya wakulima, yaani ligi dhaifu, kule Ufaransa halafu akaenda Chelsea kula pensheni? Na akaongeza kwamba jamaa ni mlizi. Waliotangulia kujibu wengi wamehesabu medali. Mimi nitapita njia nyingine, kwa sababu huyu mtu nimemfuatilia tangu yuko Milan, na kuna kipande cha maisha yake ninachokijua kwa mwili wangu.

Tuanze na Urusi. Kijana wa Rio, timu kadhaa za kwao zilimkataa kwenye majaribio, akaenda kusini mwa Brazil kujiunga na klabu ndogo ya RS Futebol, kisha Juventude, na hapo mwaka 2004 ndipo nchi ikamjua. Porto wakamchukua, akaishia timu B. Mwanzoni mwa 2005 akapelekwa Dynamo Moscow, na huko wakamkuta na kifua kikuu. Alikuwa na miaka 20. Hakucheza hata mechi moja ya ligi. Alilazwa karibu nusu mwaka, kwenye baridi ile, lugha hajui, madaktari wanazungumzia kumkata sehemu ya pafu. Mwenyewe amesimulia baadaye kwamba ugonjwa ungechelewa kugundulika kidogo tu angekufa, na kwamba alitaka kuacha mpira kabisa, mama yake ndiye aliyekataa.

Sasa wadau wengi hapa wanasoma "TB" wanapita. Mimi nimemeza ile dozi, enzi nacheza mkoba, yaani beki wa mwisho, kwenye timu ya mtaa pale Tanga. Usiku unalowa jasho mpaka shuka unaweza kuikamua. Nyama za mapaja zinakwisha huku unajiona. Ukianza dawa, mkojo unatoka rangi ya Mirinda, na asubuhi unazimeza tumbo tupu ukiwa huna hamu hata ya chai. Miezi sita, hakuna kuruka siku. Niliporudi uwanjani pumzi ilikuwa ya mzee. Fowadi akinipita, nimepitwa, sina mbio za kumfuata. Ikabidi nianze kusoma mpira kabla haujafika: nimtazame mpigaji, nitazame mwili wa straika umeelekea wapi, nijisogeze mapema. Kocha akadhani nimekuwa na akili. Nilikuwa sina pumzi tu.

Mimi sikufika popote na mpira, lakini nilipoanza kumtazama Silva kwa makini nilimwelewa haraka. Mtu haanguki chini ovyo. Hakimbizani. Anafika kabla. Siwezi kuapa kwamba kitanda cha Moscow ndicho kilichomfundisha hivyo, na tukumbuke pia kwamba alianzia kiungo, kwa hiyo jicho la kuona uwanja alikuwa nalo. Ila naamini kilichangia.

Kilichomrudisha ni kocha. Ivo Wortmann alikuwa naye Juventude, akawa Dynamo mwaka ule ule wa mkasa, na mwaka 2006 akiwa Fluminense akamwita nyumbani. Mwaka 2007 wakachukua Kombe la Brazil. Mwaka 2008 wakafika fainali ya Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, dhidi ya LDU Quito, walichapwa 4-2 kule Ecuador, wakashinda 3-1 Maracanã kwa mabao matatu ya Thiago Neves, halafu wakapoteza kwa penalti.

Desemba 2008 Milan wakamsajili, kwa kama euro milioni 10. Hapa pana jambo ambalo watu hawalitaji. Nafasi za wachezaji wasio wa Ulaya zilikuwa zimejaa, kwa hiyo hadi msimu wa 2009/10 hakuruhusiwa kucheza mechi za mashindano. Nusu mwaka mwingine bila mpira wa ushindani! Lakini safari hii alikuwa anafanya mazoezi kila siku kwenye kikosi kilichokuwa na beki mkongwe Maldini, katika msimu wake wa mwisho. Mchezaji mwingine angenuna. Yeye alipofunguliwa mlango akaingia pembeni ya Nesta kama mtu aliyekuwepo siku zote.

Msimu wa 2010/11, chini ya Allegri, Milan walibeba ubingwa wa Italia wakiwa wamefungwa mabao 24 tu katika mechi 38. Hapo hakuna mkulima, mkuu. Na Septemba 2011 Camp Nou, Barcelona ile ya Guardiola inaongoza 2-1, dakika za nyongeza, kona ya Seedorf, Silva akapanda akasawazisha kwa kichwa. Kibanda umiza tulichokuwemo kutazama mpira kilikuwa kimejaa mashabiki wa Barcelona watupu. Tulishangilia wawili.

Mwaka 2012 Milan wakawa na shida ya fedha, wakamuuza yeye na Ibrahimović kwenda PSG ya Ufaransa dirisha moja. Silva alikwenda kwa takriban euro milioni 42. Ni hapa ndipo hoja yako inapoanzia, na sitaikwepa. Ubingwa wa Ufaransa mara 7 katika misimu 8, mechi 315, unahodha. Ndiyo, PSG walikuwa na pesa kuliko wote. Medali zile peke yake hazithibitishi kitu, nakubaliana na wewe hapo.

Kwa hiyo tutazame mechi ngumu. Machi 2015, Stamford Bridge, nyumbani kwa Chelsea. PSG wamecheza pungufu tangu dakika ya 31, Ibrahimović kapewa nyekundu. Muda wa nyongeza, Silva anashika mpira ndani ya boksi, Hazard anafunga penalti. Beki mlizi hapo amekwisha. Huyu akapanda kwenye kona, Courtois akaupangua, kona nyingine, akapanda tena, akaupiga kichwa wa juu ukamvuka kipa dakika ya 114. Ikawa 2-2, jumla ya mechi mbili zikalingana, PSG wakapita kwa kuwa wamefunga mengi ugenini. Jamaa aliyesababisha penalti ndiye aliyevusha timu.

Upande wa pili, Machi 2017. Mechi ya kwanza Barcelona walipigwa 4-0 Paris, na Silva hakucheza, alicheza Kimpembe kijana. Ya marudiano nahodha akarudi, timu ikarudi nyuma mpaka ndani ya boksi lake, wakala 6-1. Wanaomlaumu wana haki. Beki anayeongoza safu ndiye anayeamua mstari ukae wapi, na siku ile mstari ulikaa mapajani mwa kipa. Kuhusu machozi ya Kombe la Dunia 2014 dhidi ya Chile, hiyo ni timu ya taifa, lakini kumbuka pia ile 7-1 ya Ujerumani yeye alikuwa na adhabu ya kadi. Hakuwemo.

Halafu Leonardo. Mbrazili huyu alikuwa kwenye uongozi wa Milan Silva alipoletwa, alikuwa mkurugenzi PSG aliponunuliwa, na mwaka 2020 ndiye tena mkurugenzi PSG walipoamua kutomwongezea mkataba. Mechi ya mwisho ya Silva pale ikawa fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Lisbon, waliyofungwa na Bayern 1-0.

Akaenda Chelsea bure, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 36. Mechi ya kwanza ya ligi, kwa West Brom, mpira ukamponyoka akiwa wa mwisho, bao. Kibandani watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Januari Tuchel akaja, kocha aliyemjua tangu PSG, akapanga mabeki watatu na Silva katikati, Azpilicueta na Rüdiger wakamkimbilia pembeni. Kazi yake ikawa ile anayoijua: kusimama, kusoma, kupanga. Mei 2021 wakaifunga Manchester City 1-0 wakabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya. Silva aliumia akatoka dakika ya 39. Fainali ilichezwa Porto, mji ule ule alioishia timu B.

Pensheni gani hiyo ya mechi 155? Msimu wa 2022/23 Chelsea walimaliza nafasi ya 12, na mashabiki wakampa yeye uchezaji bora wa mwaka wa klabu, ana miaka 38. Mwaka 2024 akarudi Fluminense.

Je, ni sawa na Nesta? Kwangu Nesta yuko juu kidogo, hasa kwa kukaba mtu kwa mtu. Kwa kusoma mchezo, siwatenganishi.

Ukitaka kuhakikisha, usitafute video za mabao. Tafuta mechi ya Fluminense na Inter, Kombe la Dunia la Klabu, Juni 2025, Fluminense walishinda 2-0. Silva ana miaka 40. Mtazame yeye tu pale mpira unapokuwa upande wa mbali, hesabu mara ngapi anageuza shingo na mara ngapi anamwonyesha mwenzake kwa mkono asogee wapi. Kisha urudi hapa tubishane.