Kuzamia na mkondo nje ya Nyali

Mdogo wangu, umeuliza kama uogope kuzamia na mkondo nje ya mwamba wa Nyali, maana umezoea maji yaliyotulia. Usiogope, ila chagua siku. Bamvua la hapa Mombasa, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji huvuta kwelikweli. Anza na maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo, tena msimu wa kaskazi, bahari ikiwa safi.

Ukifika chini, wacha maji yakubebe. Ukimpita chewa uliyetaka kumtazama, mwache. Ukipiga miguu kumrudia utamaliza hewa bure. Ukichoka, jibanze nyuma ya jabali, mkondo hupungua hapo, lakini matumbawe usiyashike. Tulia utazame: kolekole wameukabili mkondo wakingoja windo, na pono anamega mwamba hadi unamsikia akitafuna. Raha yenyewe ndiyo hiyo!

Boti isitie nanga, ifuate boya lenu. Mimi nahodha akiniambia atatia nanga, sishuki. Beba boya lako mwenyewe na filimbi. Mkipotezana, mtafute mwenzako dakika 1 tu, kisha panda polepole, tanguliza boya juu, na usimame kwenye kina cha mita 5 kwa dakika 3.