Kotiledoni ya hindi iko wapi?

SWALI: Mhariri, niliroweka maharage na mahindi usiku kucha. Haragwe lilipovuliwa ganda liligawanyika lenyewe pande mbili, lakini hindi halikuvulika wala kugawanyika. Je, hindi halina kotiledoni?

JIBU: Hindi linayo kotiledoni, yaani jani la kwanza linaloumbika ndani ya mbegu, tena moja tu. Halikuvulika kwa sababu punje yake, kwa kweli, ni tunda zima, ambalo ukuta wake umegandamana na ganda la mbegu.

Pande mbili za haragwe ndizo kotiledoni zake, nazo ni sehemu ya kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, sawa na kizizi na kichipukizi vilivyobanwa kati yake. Ni nene kwa kuwa, mbegu ilipokuwa ikikomaa, zilifyonza karibu endospamu yote, yaani tishu ya akiba ambayo huanza pale gameti (seli ya uzazi) moja ya kiume inaporutubisha yai, na ya pili ikaungana na viini viwili vya kati vya kifuko cha kiinitete.

Katika hindi, endospamu hiyo hubaki hadi mbegu inapoota. Pasua punje iliyorowekwa kwa urefu, kupitia katikati ya upande wenye kiinitete, kisha udondoshee iodini: endospamu yenye wanga itageuka rangi ya buluu iliyokoza, karibu na nyeusi. Kati yake na kizizi na kichipukizi utaona kipande cheupe kilichopinda kama ngao, na hicho ndicho kotiledoni. Maji yanapoingia, kiinitete hutoa homoni ya jibereli, ambayo huchochea tabaka la nje la endospamu kumwaga vimeng'enya vya kuvunja wanga. Sukari inayopatikana hufyonzwa na kotiledoni na kupelekwa kwenye mche, nayo yenyewe haitoki ardhini kamwe.

Kwa hiyo sikubaliani na maelezo, ambayo bado hurudiwa mno darasani, kwamba kotiledoni ni ghala la chakula. Mbegu ya mbarika ina kotiledoni mbili nyembamba kama majani, huku akiba yake ikiwa katika endospamu. Kubaki chini au kuchomoza juu nako hakufuati idadi: kotiledoni mbili za njegere husalia udongoni, ilhali za haragwe huinuliwa juu, hugeuka kijani kidogo, kisha hunyauka. Katika nazi inayoota, lile joya laini linalojaza kifuu ni ncha ya kotiledoni iliyovimba ikifyonza endospamu, ambayo ndiyo maji na nyama ya nazi.