Gesi kwenye tanuru la taka za hospitali: moshi unapungua kweli?

Unapungua kaka, na sana. Ule moshi mweusi ni taka ambazo hazijaungua zikaisha. Pamba na bandeji mbichi zikiingia asubuhi ya Juni na baridi letu la Mbeya, joto la tanuru linaporomoka. Bana ya gesi (kichomeo) ikiwekwa chemba ya pili, ile ya kuchomea moshi, moto haushuki. Moshi unaungua tena kabla haujafika kwenye bomba la moshi. Kanuni za Ulaya zinataka moshi ukae kwenye angalau nyuzi joto 850 za Selsiasi kwa sekunde 2, na 1,100 kwa taka hatarishi zenye klorini zaidi ya asilimia 1. Kazi yangu ni ufundi wa matanuru haya: washa bana kwanza, subiri geji ya joto ipande, ndipo upakie. Wengi wanapakia tanuru likiwa la baridi, halafu wanalaumu mashine.

Ila bomba la gesi asilia ya Mtwara na Songo Songo linaelekea Dar, huku kwetu ni mitungi ya LPG (gesi ile ya kupikia) au dizeli. Na zebaki ya kipimajoto kilichovunjika haiungui hata uweke gesi ya namna gani, inapaa na moshi. Hiyo itengwe mapema.